Alikuja na goti, akaulizwa ndoto

"Muulize huwa anaota nini," daktari akaniambia.

Nilidhani nimesikia vibaya. Tulikuwa Kozhikode, pwani ya Kerala, kusini mwa India, kwa daktari wa Ayurveda, tiba ya jadi ya huko, na kilichotupeleka ni goti. Shangazi alikuwa na bahasha ya kaki mapajani, ndani yake picha za eksirei na makaratasi ya hospitali. Mpaka hapo daktari, mama wa makamo mwenye sari ya pamba na miwani aliyoifunga uzi shingoni, alishauliza kama usingizi wa shangazi ni mzito au wa kushtukashtuka, choo chake kikoje, hakai na baridi au hakai na joto, na akikasirika hasira humkaa au hupita. Bahasha ilikuwa haijafunguliwa.

Nikamtafsiria.

Shangazi akanitazama mimi, akamtazama daktari, akarudi kwangu. "Mwanangu, huyu ni daktari au mpiga ramli?"

Lakini akajibu. Huota anapaa. Anapita juu ya minazi ya Pangani alikozaliwa, mikono kaitandaza, na waliopo chini hawana habari. Tangu yu mdogo.

Daktari akaandika neno moja kwenye faili: vata.

Wiki zimepita tangu turudi na mazungumzo yale hayajaniachia. Nimesoma, nimeuliza, nimebishana na mdogo wangu ambaye ni mfamasia na ambaye jambo zima hili huliita ushirikina wenye cheti. Sikubaliani naye. Ila sikubaliani pia na jamaa zangu wanaorushiana kwenye WhatsApp matangazo ya vidonge vya "Ayurveda asilia" vinavyomaliza kisukari, presha na nguvu za kiume kwa pamoja. Nimekaa katikati ya kambi hizo mbili, na hapo katikati hapakaliki vizuri.

Upepo, moto, matope

Tuanze na alichoandika daktari.

Kwa Ayurveda, kila kitu kilichopo, mtu, embe, msimu wa masika, kimeumbwa kwa vitu vitano: uwazi, upepo, moto, maji na udongo. Ndani ya mwili wa mtu vitano hivyo hufanya kazi kupitia nguvu tatu zinazoitwa dosha.

Vata ni upepo na uwazi. Kila chenye mwendo ni chake: pumzi, choo kinachotoka, mtoto anayesukumwa wakati wa uzazi, wazo linalokuja na kupotea. Pitta ni moto wenye maji kidogo ndani yake. Husaga chakula, hutia ngozi rangi, hupa macho nuru, na ndiyo inayomfanya fulani asisemezeke saa saba mchana akiwa hajala. Kapha ni maji na udongo. Hushikamanisha mwili, hulainisha viungio, na humpa mtu umbo zito, usingizi mwema na subira.

Wote tunazo zote tatu. Kinachotutenganisha ni kipimo, na kipimo hicho, wanachokiita prakriti, huwekwa tangu mimba inapotungwa. Mtu haugui nacho, huzaliwa nacho. Ugonjwa huja pale dosha moja inapovuka kipimo chake ndani ya mwili wa huyo mtu, na dosha iliyozidi kwa mtu mmoja kwa mwingine huenda ikawa ni hali yake ya kawaida.

Ndiyo sababu ya ndoto. Vagbhata, aliyeandika Ashtanga Hridaya karibu karne ya 7, ameeleza kwamba mwenye vata nyingi huota anatembea angani, mwenye pitta huota moto, jua na radi, na mwenye kapha huota mabwawa yenye mayungiyungi na ndege wa majini. Tangu niyasome hayo nimewasumbua watu wote wa nyumbani kwa maswali. Mdogo wangu mfamasia huota moto. Amekataa nisilichapishe hilo.

Kisha kuna kanuni ambayo tiba yote inaizunguka: kinachofanana huongeza, kinachopingana hupunguza. Wamepanga sifa ishirini katika jozi kumi, zito na jepesi, baridi na moto, kavu na yenye mafuta, ya kukwaruza na nyororo, na kadhalika. Vata ni kavu, nyepesi, baridi, ya kukwaruza, haitulii. Uzee nao huhesabiwa kuwa umri wa vata. Basi chukua mwanamke wa vata, mzee, aliyezoea kunywa chai kavu na kuruka mlo wa usiku, na goti linalolia akiinuka. Mpaka hapo daktari hakuwa na haja ya eksirei.

Aliifungua hata hivyo. Akaitazama dhidi ya mwanga wa dirisha, akasema gegedu limelika, akairudisha kwenye bahasha.

Samaki wa nazi

Nilitarajia majani na mizizi. Saa nzima ya kwanza tuliongea chakula.

Kuna moto wa tumbo, agni, na Ayurveda huulinda kama mpishi anavyolinda moto chini ya sufuria: ukiwa mdogo chakula hakiivi, ukizidi kinaungua. Kisichoiva hugeuka kuwa kile wanachokiita "ama", uchafu mzito wa kunata unaoziba njia za mwili na kutua penye udhaifu. Kula tena kabla chakula cha kwanza hakijashuka ni miongoni mwa makosa makubwa, na shangazi, ambaye hawezi kupita jikoni bila kudokoa, aliinamisha macho.

Halafu daktari akasema asile samaki kwa maziwa.

Katazo hilo limo kwenye Charaka Samhita, kitabu kikongwe cha tiba ya ndani, kwenye orodha ya vyakula visivyopatana. Shangazi alishtuka. "Muulize na samaki wa nazi je?" Nikauliza. Daktari akacheka mpaka miwani ikamdondoka. Kerala bila samaki wa nazi ni Kerala gani? Tui si maziwa.

Nadhani hapo ndipo shangazi alipomkubali. Na hapo ndipo nami nilipoanza kuona kwamba sikuwa ugenini kama nilivyodhani. Mzazi wa Tanga hupewa uji wa pilipili manga na supu ya tangawizi kwa sababu mwili wake umepata baridi. Huko wanasaga tangawizi, pilipili manga na pilipili ndefu, wanaita trikatu, na kazi yake ni kuwasha moto wa tumbo na kuondoa baridi nzito. Hakuna bibi wa Pwani atakayehitaji kuelezwa mara mbili.

Fikra hizi zimetembea sana. Vitabu vya Charaka na Sushruta vilifasiriwa kwa Kiarabu huko Baghdad enzi za Abbasiya, na mwaka 850 hivi tabibu Ali ibn Sahl Rabban al-Tabari alitia sehemu nzima ya tiba ya Wahindi ndani ya kitabu chake, Firdaws al-Hikma. Majahazi yalifanya yaliyobaki. Karafuu za Unguja na Pemba zilienda Bombay kwa karne nzima, na huko hazikuishia kwenye pilau tu. Karafuu ni dawa kwenye vitabu vyao. Mwarobaini nao ulikuja kwetu kutoka upande wao.

Pete ya unga

Tiba yenyewe ilifanyika wakati wa mvua. Mwezi wanaouita Karkidakam, kati ya Julai na Agosti, Wamalayali wengi, yaani watu wa Kerala, hupunguza kazi na kujitibu, kwa imani kwamba mwili uliolainishwa na unyevu hupokea mafuta vizuri.

Shangazi alilazwa juu ya meza ya mbao nzito, nyeusi kwa mafuta ya miaka. Binti mmoja akakanda unga wa choroko nyeusi na maji mpaka ukawa mgumu kuliko wa chapati, akauviringisha, akaujenga kuzunguka goti ukawa pete yenye ukuta wa vidole vitatu. Akapita kwa kidole gumba pembeni kote, akiubana kwenye ngozi usivuje. Halafu akamimina mafuta ya ufuta yaliyochemshwa na mizizi, ya moto wa kuvumilika, mpaka goti likazama. Yakipoa aliyanyonya kwa pamba, akayakamua kwenye bakuli lililokaa juu ya maji ya moto, akarudisha. Tena na tena. Chumba kizima kilinuka ufuta.

Mantiki yake ilikuwa wazi hata kwangu. Kikavu hutiwa mafuta, cha baridi hupashwa moto, kisichotulia hulazwa. Charaka ameeleza goti la namna hii: uvimbe ambao ukiugusa ni kama mfuko wa ngozi uliojaa upepo, na maumivu mtu akikunja na kunyoosha. Nililigusa goti la shangazi jioni ile. Ni vile vile.

Na alipata nafuu. Siku za mwisho alikuwa anashuka ngazi za nyumba ya wageni bila kushika ukuta.

Je, ni mafuta? Ni mapumziko? Alikuwa hapiki, hafui, haendi sokoni, analala mapema, anakandwa na mikono ya binti mwenye upole, na daktari anamsikiliza kila asubuhi. Nani asingepata nafuu?

Swali hilo wenzetu wamejaribu kulijibu. Berlin, hospitali ya Charité, waliwagawa kwa bahati nasibu watu 151 wenye magoti ya aina hii: kundi moja likapewa tiba kamili ya Ayurveda kwa wiki kumi na mbili, kundi jingine mazoezi na dawa za kawaida. Matokeo yalichapishwa 2018, na kundi la Ayurveda lilipata nafuu kubwa zaidi. Ila kila mgonjwa alijua anatibiwa nini, na ukweli ni kwamba huwezi kumficha mtu kuwa goti lake limezamishwa kwenye mafuta. Swali langu limebaki pale pale, sasa lina takwimu.

Nilipokwama

Jambo lililonikosesha usingizi zaidi ni dogo na limejificha.

Ayurveda hutabiri kazi ya dawa kwa ladha yake. Ladha ni sita: tamu, chachu, ya chumvi, kali, chungu, na ya ukakasi. Tamu huongeza kapha na hutuliza vata. Kali hupunguza kapha na huchochea pitta. Baada ya ladha hutazamwa kama kitu ni cha moto au cha baridi, na kinageuka kuwa nini kikishasagwa tumboni. Kwa hayo matatu tabibu anapaswa kuweza kutabiri.

Halafu unakutana na mimea miwili, chitraka na danti. Ladha moja, joto moja, mwisho mmoja tumboni. Danti inaharisha, chitraka haiharishi. Kwa nini? Charaka anajibu: prabhava. Nguvu ya pekee ya kitu hicho, isiyoelezeka kwa kanuni.

Niliposoma hivyo mara ya kwanza nilifunga kitabu. Kama kanuni ikifaulu ni kanuni, na ikishindwa ni prabhava, ni lini basi kanuni itakuwa imekosea? Mdogo wangu alifurahi sana. "Nilikwambia."

Lakini nimelirudia mara nyingi, na siku hizi nalisoma vingine. Mtu aliyeandika vile alikuwa na nadharia nzuri, iliyopangika, na mbele yake mmea unaokataa kutii. Angeweza kuunyamazia. Angeweza kudai ladha yake ni tofauti kidogo. Badala yake aliweka kwenye kitabu kwamba jicho limeona hivi na nadharia haijui kwa nini. Kwa karne zile si jambo dogo. Kasoro ni kwamba waliokuja baadaye wengi waliipokea ile prabhava wakaifanya kitanda cha kulalia, ilhali ilikuwa pahala pa kuanzia kuchimba.

Waliochimba walipata. Mzizi wa sarpagandha ulitumika India zamani kwa wenda wazimu na wasiolala. Mwaka 1949 Rustom Jal Vakil, daktari wa moyo wa Bombay, alichapisha majaribio yake ya mzizi huo kwa wagonjwa wa presha. Miaka mitatu baadaye kemikali yake, reserpini, ikatengwa maabara Uswisi, ikawa miongoni mwa dawa za mwanzo za presha duniani. Ikaonekana pia kwamba baadhi ya watu inawatia huzuni nzito. Hilo likaandikwa kama onyo, dozi zikashushwa, na dawa bora zilipopatikana ikawekwa kando. Hakuna aliyesema mgonjwa ndiye mwenye makosa.

Kilichopotea njiani ni lile swali la huyu mgonjwa ni nani. Kidonge kilikuwa kimoja kwa wote. Mdogo wangu hapo hunyamaza kidogo, maana hata yeye anajua wateja wawili wenye presha sawa ambao dawa ile ile mmoja humweka sawa na mwingine humvimbisha miguu.

Daktari alipokataa

Siku moja shangazi aliniuma sikio nimuulize daktari kama kuna mafuta au mizizi ya kisukari pia, ili aachane na vidonge vyake. Alikuwa na matumaini. Goti lilikuwa limempa imani.

Daktari aliacha kuandika.

Akasema kisukari wanakijua toka kale. Vitabu vimeeleza mkojo mtamu kama asali unaovuta sisimizi. Vinaorodhesha maradhi ya mkojo ya aina ishirini: kumi za kapha, sita za pitta, nne za vata. Kumi za kwanza hutibika. Sita hutulizwa tu. Nne za mwisho, na mkojo wa asali umo, vitabu vinasema hazitibiki. Sushruta ameongeza kwamba wako wanaozaliwa na ugonjwa huo na wako wanaoupata kwa ulaji na kukaa.

"Mwambie shangazi yako," akaniambia, "mimi nimesoma miaka mitano na nusu, na katika mambo niliyofundishwa ni kumjua mgonjwa wa kumwambia hapana. Vidonge vyake aendelee navyo. Nitakachompa ni ratiba ya kula na kutembea."

Shangazi hakufurahi. Mimi nilibaki nimeduwaa.

Matangazo yote niliyowahi kuona ya dawa hizi, kwenye simu, kwenye daladala, kwenye kuta za Dar, hayana mgonjwa wa kuambiwa hapana. Kumbe vitabu vyenyewe vimejaa watu hao. Charaka anamtaka tabibu agawe maradhi kabla hajagusa dawa: rahisi kutibu, magumu kutibu, ya kutuliza, na ya kuyaacha. Anayejitwisha yale ya mwisho atapoteza mali yake na jina lake. India nayo ina sheria ya mwaka 1954 inayokataza kutangaza dawa kuwa inaponya kisukari na orodha ndefu ya maradhi mengine, na bado matangazo hayaishi.

Kopo kubwa au dogo

Wiki iliyofuata baada ya kurudi nilipita Kariakoo. Nilitaka mafuta ya goti. Muuzaji akaniambia mafuta yamekwisha, akanitolea kopo la vidonge vya ashwagandha na jingine la "mchanganyiko wa viungo", lebo ya dhahabu, maandishi ya Kihindi na Kiingereza. Nilisema ni kwa mzee mwenye kisukari. Aliniuliza swali moja.

"Kopo kubwa au dogo?"

Hakuuliza usingizi, choo, wala mgonjwa anatumia dawa gani nyingine. Na simlaumu yeye peke yake. Mwanzo wa safari hii ni wa nia njema: mwaka 1902, Kottakkal, si mbali na Kozhikode, P. S. Varier alianza kutengeneza dawa za Ayurveda zilizo tayari, kwa watu ambao hawakuwa na nafasi ya kuchemsha mizizi nyumbani. Aliweka pia matabibu, na mgonjwa akawa anaonwa. Kopo lililofika Kariakoo limefika bila tabibu.

Na kuna hatari isiyohusiana na falsafa yoyote. Mwaka 2003 watafiti walinunua dawa za Ayurveda 70 kwenye maduka ya Boston, Marekani, na vitongoji vyake, wakazipima, wakachapisha mwaka uliofuata. Kumi na nne zilikuwa na madini ya sumu: risasi, zebaki au aseniki. Walirudia kwa dawa 193 zilizouzwa kwenye intaneti, wakachapisha 2008: takriban moja katika tano. Baadhi si uchafu wa bahati mbaya. Liko tawi la Ayurveda lililokua katika enzi za kati ambalo huchoma madini mara nyingi na mitishamba na kuamini yamegeuka kuwa dawa. Maabara haioni kugeuka huko. Huona risasi.

Nikimwambia mdogo wangu haya hudhani nimehamia kwake. Sijahamia. Naona tu kwamba waliotuletea Ayurveda ya kwenye kopo wameacha nyuma vile vitu viwili vilivyonivutia Kozhikode, kumuuliza mtu yeye ni nani na kuwepo kwa mgonjwa wa kuambiwa hapana, wakabeba vile ambavyo hata kule vinahitaji uangalizi mkubwa. Tanzania tuna sheria ya tiba asili na tiba mbadala tangu 2002, na baraza lake. Ningependa siku moja muuzaji wa makopo alazimike kuuliza walau swali la pili.

Shangazi anameza vidonge vyake vya kisukari. Anakula usiku mapema, mara nyingi. Mafuta ya goti ameagiza tena kwa mtu anayekuja. Yale makopo mawili nilinunua, madogo, na yako kwa mdogo wangu, ambaye anatafuta maabara itakayokubali kuyapima madini. Bei waliyomtajia inashinda bei ya makopo yenyewe mara kadhaa, na bado tunajadiliana nani alipe.